Sikwenda Nyasa Kuwa Mgeni

Siku Nyasa, ambayo sasa ni Malawi, ilipopata uhuru wake, mume wangu alirudi nyumbani ameshika kiatu kimoja mkononi. Soli ilikuwa imebanduka kwa kucheza. Wote waliotoka upande ule walikuwa wamekusanyika kwenye klabu ya kambi kusikiliza redio, na redio ilipomaliza kusema, wao wakaendelea kwa ngoma na madebe. Hakuketi. Alisimama mlangoni jasho likimtoka, akasema, "Mke wangu, tunakwenda."

"Wapi, na kiatu kimoja?"

"Kwetu. Nyasa. Nikakuonyeshe kwa mama."

Tulikuwa tukiishi kwenye kambi ya mkonge upande wa Ngombezi, nje kidogo ya Korogwe. Yeye alikuwa fundi wa mashine kwenye korona, kile kiwanda kinachokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi tupu. Alikuja Korogwe kijana kabisa, hajaota ndevu, na tangu hapo hakuwa amerudi kwao hata mara moja. Mimi ni Mzigua wa Handeni. Nilikuja Kilole, hapohapo Korogwe, kumsaidia shangazi yangu aliyejifungua, nikaonwa, nikaposwa, nikaolewa. Wakati huo tulikuwa na binti mmoja, ndiyo kwanza ameanza kusema, na alikuwa akisema maneno mengi kuliko tuliyoyahitaji.

Nilikubali kwenda, ila nikatoa sharti.

"Sitaki kwenda kuwa mgeni," nikamwambia.

"Sasa utakuwa nani? Hujawahi kufika."

"Nitakuwa mke wa kwenu. Nataka nikifika niingie jikoni, nichote maji, nitwange, nisalimie watu kwa lugha yao. Wasijue hata kama nimetoka mbali."

Alicheka sana, lakini mimi sikuwa natania. Nilikuwa na sababu yangu. Kaka yangu aliwahi kuoa mke wa Tanga mjini, akamleta kwetu Handeni kutusalimia. Yule mwanamke alikaa kwenye kiti muda wote. Kiti kilihamishwa asubuhi upande huu wa nyumba, jioni upande ule, kwa kufuata kivuli, na yeye juu yake. Tulimchinjia kuku kila siku mpaka mama akawa anawahesabu kwa macho waliobaki. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mgeni tu, na sisi tukamfanya awe mgeni zaidi. Alipoondoka hakujua njia ya kisimani wala jina la jirani hata mmoja, na watu walimsema mwaka mzima. Niliapa moyoni kwamba mimi sitaletewa kiti.

Basi nikaanza kumuuliza mume wangu maswali. Kwenu mwanamke akiingia kwa wakwe anafanyaje? Ugali wenu mnausonga vipi? Mama yako nimwiteje? Naye jibu lake lilikuwa moja: "Mambo ya jikoni mimi nitayajulia wapi? Utafika, utakula, utalala, utarudi."

Nikaona huyu hanisaidii. Nikaenda kwa bibi wa nyumba ya mwisho.

Bibi huyu alikuwa mjane. Mumewe alikuwa mkata mkonge, akafia pale kambini, naye akabaki, akilima bamia na kuuza maandazi. Ametoka Nyasa. Kwetu kambini ilitosha kusema hivyo. Kulikuwa na Wanyasa, kulikuwa na Warundi, kulikuwa na Wabena na Wamakonde, na kila kundi tulilihesabu kuwa ni watu wa mama mmoja. Nilimkuta anapepeta unga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo umekuja na kigoda chako?"

"Nimekuja shule. Nataka unifundishe mwali wa Kinyasa anavyoingia kwa wakwe."

Aliweka ungo chini. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumuuliza jambo kama lile tangu alipokuja Tanganyika. Macho yake yaling'aa kama ya msichana. "Funga kanga vizuri," akasema. "Piga magoti."

Tangu siku ile kila jioni nilikuwa kwake. Kwanza alinifundisha kupiga magoti, si kuinama kidogo kama sisi tunavyompa mtu shikamoo, bali magoti yote mawili chini, mikono pamoja, macho kwenye udongo. Halafu akanifundisha kusema "yewo", neno ambalo kwao ni salamu na ni asante. Nilitembea nalo kambi nzima. Nikipewa chumvi, yewo. Nikipishwa njia, yewo. Binti yangu naye akalishika, akawa anamwambia hata mbuzi.

Kisha likaja somo la ugali. Mimi nilizoea ugali wa kwetu, mgumu, unaoupindua ukasimama wenyewe kwenye sinia. Bibi aliuangalia wa kwangu akasema huo ni wa kujengea ukuta. Wao wanausonga laini, halafu wanauchota kwa upawa uliolowekwa maji, bonge moja moja, na kuyapanga mabonge kwenye sahani kama mikate. Mwanzoni mabonge yangu yalikuwa yanapasuka na kusambaa. Wanawake wa kambi walikuja kuangalia kama watu wanaoangalia mpira. "Leo amefunga ngapi?" walikuwa wakiulizana. Siku niliyoyapanga yote mazima walipiga vigelegele, na mume wangu akala mpaka akasahau kunicheka.

Somo kubwa kuliko yote aliliacha mpaka mwisho. "Sikiliza," akaniambia. "Mwali hapigi kelele. Ukifika usiseme kwa sauti. Ukiulizwa neno, tikisa kichwa. Baba mkwe ukimwona anakuja, pinda njia, jifiche, usimtazame usoni. Na chakula usile mbele yao. Watakuletea, utakataa. Watakuletea tena, utakataa. Mpaka wakupe kitu, kanga au kuku au hata sindano, ndipo ufungue mdomo. Hapo watasema, huyu amelelewa."

"Na wasiponipa?"

"Watatoa. Mkwe hawezi kukuacha na njaa."

Niliyabeba yote hayo kichwani.

Tulipokwenda boma kuomba hati za kusafiria, karani kijana mwenye tai alituuliza tunakwenda kufanya nini. Mume wangu akamwambia tunakwenda kuwasalimia wazazi. "Na mtafikia hoteli gani?" akauliza, kalamu mkononi.

"Tutafikia jikoni," nikasema mimi.

Karani alimtazama mume wangu kama anayemwonea huruma, akaandika anavyojua mwenyewe.

Basi la Morogoro siku hizo lilipita Handeni, kwa hiyo tulishuka kumuaga mama yangu. Mama hakuipenda ile safari. Hakusema, lakini alipika kama watu wa msiba, chungu kikubwa. Wakati tunakula akaniuliza kwa Kizigua, ili mume wangu asielewe, kama kweli nitarudi. Alikuwa na hofu yake: mwanamume akishafika kwao, mama yake atamwambia abaki, na mimi nitabaki naye, na mtoto.

"Nitarudi, mama," nikamwambia.

"Utajuaje? Umejifunza mambo yao yote. Watakupenda mno."

Alitupa kibuyu cha asali ya kumpelekea mama mkwe wangu, kimezibwa kwa gunzi na nta. Kile kibuyu kilitusindikiza vibaya. Barabara ilikuwa na mashimo, kibuyu kikapata ufa, na asali ikaanza kutiririka juu ya paa la basi, ikashuka dirishani taratibu. Tuliposimama Iringa wakaja nyuki. Abiria wote walitoka mbio, dereva akiwa wa kwanza. Mume wangu, ambaye kwenye korona haogopi mashine yoyote, alikimbilia ndani ya mgahawa na kujifunika kitambaa cha meza. Mimi mtoto wa Handeni nilipanda juu nikakishusha kibuyu polepole, nikaimimina asali iliyobaki kwenye birika nililonunua palepale. Abiria walilamba madirisha yao, na safari ikaendelea watu wakiwa wamefahamiana.

Kutoka Mbeya tulishuka mpaka ziwani, tukapanda meli. Tulilala juu ya sitaha pamoja na magunia na kuku, na kila iliposimama watu walipanda na lugha nyingine. Mume wangu alikuwa anabadilika nikimwona. Siku ya kwanza alikuwa fundi wa Ngombezi. Siku zilizofuata alianza kuongea na mabaharia kwa sauti nyingine, ya juu, ya kijana. Tuliposhuka kule kusini kabisa, akaokota mchanga wa pwani ya ziwa akaunusa, kisha akajifuta machozi na mkono wenye mchanga, akawa anatokwa na machozi ya aina mbili.

Kijijini kwao tulifika mchana. Watu walitoka kila mlango. Mama mkwe, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, alimshika mwanawe masikio yote mawili, akamwangalia, akampiga kofi la mgongo, akamkumbatia. Kelele zilikuwa nyingi hata hakuna aliyesikia salamu ya mwenzake. Halafu wazee wakasema kijana hawezi kuketi kabla hajamwona mjomba mkubwa wa ukoo, aliyekuwa akiishi kijiji cha ng'ambo ya mto. Wakamchukua vilevile na vumbi lake la safari. Angelala huko.

Nikabaki mimi na mtoto, mbele ya wakwe, na masomo yangu.

Nilipiga magoti yote mawili. Nikashusha macho. Nikasema kwa sauti ya chini kabisa, "Yewo."

Watoto waliangua kicheko. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliuliza neno, na mtu akamjibu, na wote wakanitazama upya. Nikajua nimefanya vizuri.

Mama mkwe akaniinua akanivuta ndani, akaongea maneno mengi, mimi nikitikisa kichwa. Akaleta chakula: mabonge ya ugali, samaki mkubwa wa ziwa amechemshwa na nyanya, harufu yake hata sasa naisikia. Tulikuwa hatujala cha maana tangu melini. Nikasukuma sahani pembeni kwa adabu. Akairudisha. Nikaisukuma tena. Akasimama, akaitazama sahani, akanitazama mimi, akatoka nje. Nikasubiri kanga, kuku au sindano. Hakikuja kitu. Binti yangu alikula samaki wote.

Jioni baba mkwe alikuja kunisalimia. Alikuwa mzee mrefu, na kofia yake ya kufumwa. Nilipomwona tu nikachupa, nikapita mlango wa nyuma, nikajibanza nyuma ya ghala. Alikuja upande ule, labda kuangalia kuna nini. Nikazunguka upande wa pili. Tulizunguka ghala lile, mimi na baba mkwe wangu, mpaka akachoka akaenda zake akitikisa kichwa.

Usiku nilisikia wanajadiliana. Maneno sikuyaelewa, lakini sauti ya mtu mwenye wasiwasi haina lugha. Nililala na njaa, na huku nasema moyoni: kesho watatoa zawadi, mambo yatakwisha.

Asubuhi walileta uji. Nikakataa. Wifi akanigusa paji la uso, akanitazama macho, akanifunua kope. Wakaongea tena, na baadaye kidogo mama mkwe akaingia na bakuli. Nilifurahi. Nilidhani ndiyo ile zawadi yenyewe imewekwa ndani ya bakuli. Akanishika kichwa kwa nyuma, kama anavyoshikwa mtoto, akaniwekea bakuli mdomoni, nikameza.

Ilikuwa dawa. Mizizi iliyochemshwa. Katika maisha yangu nimekunywa mwarobaini, nimekunywa kwinini ya hospitali, lakini sijapata kuonja kitu kama kile. Masomo yote ya bibi yalinitoka mara moja.

"Mungu wangu! Mnaniua!" nikapiga ukelele kwa Kiswahili, na kijiji kizima kikasikia.

Halafu nje ya dirisha nikasikia sauti ya baba mkwe, kwa Kiswahili safi cha kizamani, "Ala! Kumbe binti huyu anasema!"

Kumbe mzee alisoma chuo cha Kurani kwa mwalimu aliyetoka pwani, na Kiswahili alikijua tangu utoto. Aliingia, na mimi nikataka kukimbia, lakini mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni.

"Mwanangu," mzee akasema, "tuambie. Tumekukosea nini? Huli, husemi, mimi ukiniona unakimbia. Unaumwa? Au umeletwa kwa nguvu?"

Kabla sijajibu, binti yangu akadakia, mdomo umejaa uji wangu. "Mama haumwi. Mama ana njaa. Bibi wa kambini kamwambia asile mpaka apewe sindano."

Niliona aibu hata nikatamani ghala liniangukie. Lakini hapakuwa na njia tena. Nikaeleza yote kwa Kiswahili, mzee akitafsiri: bibi wa nyumba ya mwisho, magoti, kunong'ona, kujificha, chakula, zawadi. Kila alipotafsiri kipande, walisogea karibu. Alipofika kwenye sindano, wifi yangu akauliza, "Huyo bibi anatoka wapi?"

Nikataja wilaya aliyokuwa akiitaja bibi kila siku.

Walitazamana. Halafu mama mkwe akaanza. Alicheka kwa tumbo, akashika ukuta, akatoka nje akacheka huko, akarudi. Wifi aliketi chini kabisa. Mzee alivua kofia akajifutia macho. Huyo bibi, wakanieleza walipopata pumzi, ni Mngoni wa kaskazini ya mbali, siku nyingi za safari kutoka pale. Hata "yewo" ni salamu ya huko. Watu walikuwa wamekaa usiku kucha wakijiuliza kijana wao amekwenda Korogwe akaoaje Mngoni.

"Mimi ni Mzigua," nikasema.

"Sasa tumejua," baba mkwe akasema. "Sisi ni Wayao. Mume wako hakukwambia?"

"Aliniambia. Nilidhani ni jina la ukoo."

Wakaanza kucheka upya.

Waliniletea chakula. Nikala mbele yao wote, mama mkwe, baba mkwe, majirani waliojaa mlangoni, na kila tonge nililomeza walishangilia. Mama mkwe akaketi karibu yangu akaniambia maneno ambayo mzee aliyatafsiri polepole, na mimi nimeyashika mpaka leo.

"Huku mwenye kuona haya ni mkwe wa kiume, maana yeye ndiye anayehama. Mwanamume humfuata mkewe. Huyu mzee unayemkimbia alikuja hapa na mkeka mmoja kwapani. Hiki ni kijiji cha mama yangu. Mwanangu alipokwenda akaoa huko kwenu akabaki, watu waliniambia amepotea. Mimi nikawaambia hajapotea, yuko kwa mke wake. Nilichokuwa nakilalamikia ni kutokuona uso wako tu."

Nilimkumbuka mama yangu na chungu chake cha msiba, nikalia. Kwetu Uziguani nako, wazee wa zamani waliuhesabu ukoo kwa upande wa mama. Nilikuwa nimesafiri nchi mbili kwenda kujifunza ugeni, nikakuta watu wa kwetu.

Mume wangu aliporudi jioni kutoka kwa mjomba, alinikuta kisimani na wifi, ndoo kichwani, tukicheka. Alikuwa ameshasikia njiani. Habari zilikuwa zimevuka mto kabla yake.

"Yewo," akanisalimia.

Nilimmwagia maji.

Baada ya hapo nilipata nilichokitaka. Hakuna aliyeniletea kiti. Alfajiri wifi alikuwa akinigongea, tunakwenda kuchota maji, na njiani ananifundisha. Maji waliyaita *mesi*, kwetu Kizigua ni *mazi*. Kuku kwao ni *nguku*, kwetu *nkuku*. Nilikuwa nikiokota maneno kama mtu anayeokota vitu vyake mwenyewe vilivyoanguka. Nilijifunza kuanika dagaa wa ziwa juu ya vichanja na kuwafukuza kunguru kwa kanga. Nilikosea mengi. Siku moja nilimwamkia kijana mdogo kwa heshima ya mzee wa kijiji, naye akatembea nayo wiki nzima akidai wenzake wamsalimie vivyo hivyo. Siku nyingine nilitwanga mahindi ya mbegu. Mama mkwe alinigombeza kwa sauti yake kubwa, mbele ya watu, na mimi nilifurahi, maana mgeni hagombezwi.

Jambo moja bibi wa kambini alilipatia. Siku niliyopika mimi, nikachota ugali kwa upawa na kuyapanga mabonge, mama mkwe alizunguka sahani akiyakagua. Akaita majirani. "Njooni muone," akawaambia. "Masomo ya yule bibi Mngoni si ya kutupwa yote."

Ile asali iliyobaki kwenye birika mama mkwe hakumpa mtu. Aliilamba kidogo kidogo kwa ncha ya kidole, na kila akilamba anasema salamu kwa mama yangu, kama vile mama yuko chumba cha pili.

Likizo ilipokwisha walitusindikiza na ngoma ya beni. Vijana walivaa sare walizoshona wenyewe, wakatembea kama askari mpaka kituo cha meli, na baba mkwe mbele akiwa ameshika fimbo. Mama mkwe alimfunga binti yangu mgongoni njia yote, hakumwachia mtu mwingine. Pale bandarini alimwambia mwanawe maneno mafupi. Nilimuuliza baadaye ni nini. "Amesema," mume wangu akanijibu, "nisikuchoshe kwa kunifuata mimi kambini. Amesema kama nina adabu, nihamie kwenu."

Tulipofika Ngombezi sikufungua hata mizigo. Nilikwenda moja kwa moja nyumba ya mwisho.

"Bibi! Umenilaza na njaa! Umeninywesha dawa!"

Nilimsimulia, naye akasikiliza mikono imejaa unga wa maandazi. Alipoelewa, akaweka mikono kiunoni. "Mwanangu, wewe uliniuliza mwali wa Kinyasa anaingiaje kwa wakwe. Nikakwambia. Hukuniuliza kwa Wayao. Wayao mimi nitawajulia wapi? Mimi mwenyewe sijafika huko!" Akaanza kucheka, akajishika uso, akabaki na unga mpaka kwenye nyusi. Tulicheka mpaka mafuta yake ya kukaangia yakaungua.

Yale maneno ya bandarini mume wangu hakuyaacha. Bei ya mkonge ilipoanza kushuka na watu wakawa wanapunguzwa kambini, wengi walikaa wakijiuliza wataelekea wapi. Yeye alifunga sanduku lake la vifaa. Tulihamia Handeni, kijijini kwa mama yangu, wakati uleule watu walipokuwa wakisogezwa pamoja na kuanza mashamba ya ujamaa. Mama alipotuona tunashusha vitanda kwenye lori hakuamini. Aliuliza tumekuja kukaa siku ngapi.

"Nimekuja kuoa vizuri," mume wangu akamwambia. "Ile mara ya kwanza sikumaliza."

Kaka zangu walimtania. Walimwita Bibi Harusi, kwa kuwa amehamia kwa mkewe, naye akaitika bila haya. Balozi wa nyumba zetu kumi alipokuja kuwaandika wakazi, akamuuliza ametoka wapi. "Ngombezi," akasema. "Na kabla ya hapo?" "Nyasa." "Sasa kwenu hasa ni wapi?" Akanionyesha mimi kwa kidole. Balozi akafunga daftari akacheka, akamwandika.

Kijiji kilipopata mashine ya kusaga alipewa yeye kuitunza, na wanawake tuliacha kutwanga. Lakini kinachonifurahisha zaidi nikikumbuka ni mavuno ya kwanza ya shamba la pamoja. Mahindi yalikuwa mengi kuliko magunia, mengine tukayarundika juu ya mikeka. Jioni mume wangu akakusanya vijana wa Kizigua, akawapanga mstari, akawafundisha beni kwa kupiga debe la mafuta ya taa. Walikosea hatua, walikwenda kushoto walipoambiwa kulia, walikanyagana. Kaka yangu mkubwa alitaka kuwa afisa akanyimwa, akagoma, akapewa. Mama yangu alikuwa amekaa juu ya gunia la mahindi akipiga makofi nje ya mdundo, na binti yetu alikuwa mbele ya wote, ameshika bua la muhindi begani, anatoa amri kwa Kiyao ambazo hapakuwa na mtu aliyezielewa isipokuwa baba yake, na wote wakazitii.